Cheti cha Joel

Aminieli hamwamini mtu. Nasema hivyo bila kumsengenya, maana huu ni mwaka wa kumi na moja nauza rangi na misumari mkabala na karakana yake hapa Ngarenaro. Mteja akimpigia simu, anauliza kwanza nani kampa namba. Mchungaji akimtembelea, anataka kujua amekuja kwa shida gani. Lakini mpe chuma! Geti la Aminieli halipindi, na mtu akilisifia sana anahisi anataka kupunguziwa bei.

Mwaka jana shule moja kule Sakina ilitafuta fundi wa kutengeneza kenchi za chuma za paa la madarasa manne. Kamati ya ujenzi ilimpenda Aminieli, ila ikasema fundi lazima awe na cheti. Yeye ana miaka hamsini na mbili, anachomelea tangu ana kumi na tisa, na cheti hana. Wakampa miezi mitatu akitafute.

Bahati nzuri chuo kimoja kilikuwa kinapita mtaani na kipaza sauti: mafundi wasio na vyeti waje wanolewe, wapimwe, wakifaulu wapewe cheti. Wafanyabiashara wadogo nao walikuwa na kozi fupi ya biashara na utunzaji wa hesabu. Mimi nilijiandikisha siku hiyo hiyo. Yeye alikuja dukani amekunja uso.

"Mama Lesian, hebu jiulize. Wanataka jina, namba ya simu, karakana iko wapi, una mashine ngapi. Hicho ni chuo, au ni watu wa kodi wamevaa koti la mwalimu?"

"Baba Brenda, wanataka kukupima tu."

"Ndivyo wanavyosema."

Alikwenda, maana kenchi alizitaka kweli. Ila alichofanya siku ya kujiandikisha hakumwambia hata mkewe, na mimi nilikuja kukijua kwa kuchelewa. Aliandika jina la Joel Nnko, kaka yake, aliyekuwa amefariki miaka miwili kabla. Kadi ya mpiga kura ya marehemu alikuwa ameiweka, kwa kuwa alihisi siku moja itafaa, na wawili hao walifanana mpaka upara. Watu wa kodi wakija, alijiambia, watamtafuta Joel, na Joel amelala chini ya migomba kwao Nkoaranga. Kamati angeieleza kwamba Joel ni jina lake la ubatizo.

Kozi ilichukua Jumamosi nane. Mwalimu wao, binti mmoja anaitwa Lilian, alimwomba awaonyeshe wenzake anavyounga bomba jembamba bila kulitoboa. Aminieli akawapa wote mgongo, akachomelea akiwa ameinama juu ya kazi yake kama mtu anayeficha chakula. "Wananiibia ujuzi, halafu wanilipe karatasi," aliniambia. Lakini nilimwona alivyobadilika. Jumamosi za mwisho alikuwa anaoga na kupiga pasi shati kabla ya kwenda kushika grisi.

Kosa langu ni moja, nalikiri. Nilimpigia simu mama yake, Bibi Tabea, aje kwenye mahafali. Nilifikiri mama wa miaka themanini aliyezika mume na mtoto anastahili kupata siku moja ya kupiga vigelegele.

Siku hiyo Aminieli alipomwona kwenye geti la chuo, na kitenge chake kipya na fimbo, rangi ilimtoka usoni.

"Nani kamwita?"

"Mimi. Kuna ubaya?"

Nikadhani ni yale yale mambo yake ya kushuku kila kitu, nikamnunia.

Waliitwa wa uhasibu, tukaitwa sisi wa biashara, kisha ufundi. Mkuu wa chuo akasogelea kipaza sauti. "Mwanafunzi bora wa kuchomelea, Joel Nnko!"

Mdomo wa Bibi Tabea, uliokuwa umeshajiandaa kwa kigelegele, ulibaki wazi. Mkuu akarudia jina. Bibi akageuka kumtazama mwanawe, na mwanawe akatazama viatu vyake. Aliinuka nusu, akaketi tena. Hakuweza kupanda pale kama Joel mbele ya mama yake. Na mimi hapo ndipo nilipoelewa.

Jina lilipoitwa mara ya tatu, Bibi Tabea alisimama, akaenda mbele polepole na fimbo yake. "Mimi ni mama yake Joel," alisema. Akapokea cheti kwa mikono miwili, na watu wakapiga makofi wakidhani mtoto kapata udhuru.

Aminieli alimkimbilia Lilian kumwomba wabadilishe jina. Binti yule alirudi hatua moja nyuma, faili kifuani. "Baba, kwani wewe ni nani hasa?" Akamweleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo Lilian alivyozidi kumwangalia kwa jicho la pembeni. Nilimhurumia, ila kidogo tu.

Tulimkuta mama nje, cheti kimefungwa ndani ya khanga.

"Mama, naomba hiyo karatasi. Kamati inaisubiri Jumatatu."

"Ina jina la nani?"

"Mama, kazi nimefanya mimi. Hii mikono ni yangu."

"Nimekuuliza jina."

"La Joel."

"Ulimwomba?" Mama akakaza fundo la khanga. "Aliacha shule darasa la sita akavuna kahawa ili wewe uende mjini. Hakuwahi kusifiwa na mtu kwenye karatasi. Hii ni yake, itakaa nyumbani kwake."

Niliumia kwa ajili yao wote wawili, na sikujua nimtetee nani. Kenchi za Sakina zilikwenda kwa fundi mwingine. Aminieli amejiandikisha upya, kwa jina lake, na anasubiri kozi ya Machi.

Wiki iliyofuata Bibi Tabea alituma vipimo vya fremu ya kuwekea cheti. Aminieli akaitengeneza kwa chuma kizuri kuliko vyote alivyokuwa navyo, akaipeleka Nkoaranga, na mimi nilikuwepo. Aliipigilia ukutani kwa misumari minne, mama yake akiwa amesimama mlangoni na fimbo, anamchunga asije akaondoka na cheti.