Jino Lililotoka Amerika Kutibiwa Bungoma

Kwa miaka mingi kaka yangu mkubwa, anayeishi Amerika, alikuwa akitupigia simu Kitale kutucheka. Mama akiugua homa, yeye husema, "Hizo hospitali zenu zinajua panadol tu." Huko kwake, alituapia, hata wodi hunukia kama hoteli.

Mwaka jana akaja nyumbani ghafla, shavu limeumuka kama andazi. Mama akamchinjia jogoo. Akatafuna kwa upande mmoja, machozi yakimlengalenga, mpaka ukweli ukamtoka: huko walitaka bei ya ng'ombe wawili wa maziwa kutibu jino moja. Tiketi ya ndege ilikuwa nafuu.

"Na ile bima unajivunianga?" nikamuuliza.

"Ya meno ni ingine."

"Kwani huko meno si mwili?" Mama akauliza, bila mzaha hata kidogo.

Kesho yake akaulizia bei Kitale. Ghali, akasema mtu wa dola. Aliposikia Bungoma ni nafuu zaidi, nikampeleka huko kwa daktari mmoja wa meno, ghorofani juu ya duka la mbolea.

Daktari akamdunga sindano ya ganzi, kisha akamchungulia. "Ati umetoka Amelika na hii kitu? Si huko ndiyo madaktari wako, bana?"

Mdomo wa kaka ulikuwa wazi na ganzi imeshika. Kimya kile nilikifurahia kuliko inavyofaa kukiri.

Alipomaliza kulipa, akatangaza mbele ya wagonjwa waliokuwa kwenye benchi, "Hii ni bure! Bure kabisa!"

Kando yake alikaa mwanamke kijana, muuza nyanya wa Misikhu, amefunika mdomo kwa leso. Daktari akamtajia bei ya matibabu yale yale.

"Na kung'oa?" akauliza. Akaambiwa. "Basi ng'oa."

"Ni jino la mbele, dada. Linaweza kupona."

"Najua, daktari. Ng'oa tu."

Kaka akaangalia viatu vyake. Nilingoja atie mkono mfukoni. Nadhani naye alikuwa akiningoja mimi. Tukashuka ngazi.

Njiani ganzi ilipoanza kumwachia, akawapigia rafiki zake wa Amerika kuwasifia Bungoma. Kabla hatujafika Kitale, wawili walikuwa wanaulizia tiketi.