Ng'ombe Anayebeba Dunia

Jana mwalimu wa jiografia alisema hakuna ajuaye siku ya tetemeko la ardhi, nami pua ikanijaa harufu ya mavi ya ng'ombe.

Nilipokuwa mdogo, jirani yetu Mzee Haji alitangaza kuwa alasiri ile ng'ombe anayebeba dunia atabadilisha pembe, ardhi itikisike, tutoke majumbani. Bibi yangu akagoma. "Kakupa saa huyo ng'ombe? Mie nnalala."

Niliogopa nyumba itamwangukia. Kwa akili yangu ng'ombe mwenyewe ni yule wa muuza maziwa, basi nikamng'ang'ania pembe mpaka magharibi. Mate yake mazito yalinichuruzika shingoni, mavi ya moto yakanifika vifundo vya miguu.

Ardhi haikutikisika. "Dua yangu hiyo," Mzee Haji akajigamba, kisha akaziba pua. "Kitoto kichafu hiki cha nani?"