Daktari Maana Yake Mwalimu

Mwalimu wa Kilatini alikuwa mtu wa hasira za karibu, na vijana wa seminari walilijua hilo kabla hata hawajalijua jina lake. Miaka yote aliyofundisha, mpaka somo lenyewe likafutwa naye akastaafishwa, hakuwahi kumchapa mtu. Aliwatoa jasho kwa maneno tu. Nyumbani mkewe alikwisha kumzoea. Ukimwomba mzee akupishe mlangoni, atakueleza kwanza Warumi waliuitaje mlango.

Sasa mke huyo alikuwa amelazwa, tumbo limevimba, macho yamegeuka manjano, na hakuna aliyesema anaumwa nini. Daktari alipita kila asubuhi, akabonyeza tumbo, akaandika, akamnong'oneza muuguzi, huyoo kitanda cha pili. Ukiuliza unajibiwa, "Tunaendelea na matibabu, mzee." Matibabu ya nini? Mtu mzima anachomwa sindano kutwa na hata jina la ugonjwa wake halijui! Inaudhi, jamani.

Siku hiyo mzee alimzibia njia kwenye korido, pale pale nje ya mlango wa wodi.

"Mke wangu anaumwa nini?"

"Mzee wangu, nina wagonjwa wengi. Tutazungumza baadaye."

"Baadaye lini? Na hilo neno Daktari ulilobandika kifuani, unajua limetoka wapi?" Damu ilikuwa inamchemka. "Ni Kilatini! Docere, kufundisha. Daktari maana yake mwalimu! Watu waliitwa hivyo kwa kufundisha, na sindano hawajawahi kuishika. Mponyaji Warumi walimwita medicus, kutokana na mederi, kuponya. Kuponya unaweza ukashindwa, baba, sitakulaumu. Lakini kufundisha ni mdomo tu. Haya, nifundishe!"

Muuguzi akaja mbio. Daktari, kijana mwenye macho mekundu kwa kukosa usingizi, alimzuia kwa mkono, akamwongoza mzee hadi kwenye benchi la mwisho wa korido. Akamweleza kwa sauti ya chini, bila kumung'unya maneno: ni saratani ya ini, imekwisha kusambaa, na dawa zilizobaki ni za kutuliza maumivu. Mzee alitaka kufoka tena, akakosa wa kumfokea.

Aliporudi wodini alimkuta mkewe ameketi, ameegemea mto.

"Kasema nini?"

"Aa, ini limechoka kidogo. Ukila vizuri utakuwa sawa."

Mkewe akamkata jicho.

"Usinichezee, Mwalimu. Umepiga kelele huko nje mpaka wodi nzima tumejua mambo ya Warumi. Sauti yako yote imefika hapa. Ya yule kijana ndiyo haikufika."

"Mama, hebu pumzika kwanza..."

"Sipumziki! Tumbo ni langu, si lako. Mlikaa huko nje mkaligawana, mimi je? Tangu nikujue hujawahi kukosa maneno, leo ndiyo yamekuishia? Sema!"

Mgonjwa wa kitanda cha jirani aligeukia ukutani. Mzee akavua miwani, akaketi ukingoni mwa kitanda, akamshika mkono. Alikuwa bado na hasira, ila sasa alijikasirikia mwenyewe. Akaanza kumweleza.