Lukresia na Kilo za Pamba

Wifi yangu Lukresia ni mpishi wa sherehe. Kama umewahi kula pilau kwenye harusi ya maana kati ya Bunda na Butiama miaka hii kumi, basi umekula mkono wake, na kama ulirudi na sahani mara ya tatu nilikuona, maana mimi ndiye ninayeshika upawa. Naitwa Jenoveva. Werema, mume wa Lukresia, ni kaka yangu wa tumbo moja, na nasema hili mapema usije ukadhani nampendelea. Simpendelei.

Kwa miaka mitatu Lukresia aliishi na ngiri ya kitovuni. Kila alipoinua sufuria alishika tumbo kwa mkono mmoja na kuendelea kutoa amri kwa mdomo. Mwaka jana mwezi wa sita, kwenye sherehe ya kipaimara huko Buhemba, ilimbana mpaka akalala juu ya magunia ya mchele akiuma kanga. Wageni walikula wakashiba, wakasifu nyama, hawakujua kwamba mpishi yuko nyuma ya nyumba anamwita Bikira Maria kwa majina yake yote. Niliogopa siku ile, sitaki kudanganya.

Tukampeleka hospitali Musoma. Daktari, mama mmoja aitwaye Helena, hakuzungusha maneno. Alisema siku moja utumbo utajisokota ndani ya ngiri ile, na hapo ndugu wataitana kwa habari nyingine. Madaktari wa upasuaji wangekuja mwezi wa tisa kwa wiki moja. Lakini Lukresia alikuwa na kilo mia na nne, pumzi inakatika akipanda ngazi tatu, na hakuna ambaye angekubali kumlaza mezani hivyo. Arudi akiwa chini ya tisini.

Werema aliposikia, akatangaza kwamba na yeye atapungua, ili mke asijisikie mpweke. Werema ni dalali wa ng'ombe mnadani, na tumbo lake huwa linafika kwenye mazungumzo kabla yake. Alisema jambo lenyewe ni dogo, ni nidhamu tu. Neno hilo nidhamu tulilisikia msimu mzima.

Nyumbani kwao Manyamanyama hakuna mizani. Ila msimu wa pamba ulikuwa umefunguliwa, na karani wa kituo kimoja cha kununulia, Gibson, alikuwa rafiki wa Werema tangu shule. Akakubali kila Jumamosi jioni, wakulima wakishaondoka, wapande kwenye mizani ya pamba. Jumamosi ya kwanza Lukresia akasoma tisini na tisa. Ilikuwa siku ya nne tangu atoke hospitali. Kilo tano, na mtu hajapunguza hata chapati. Tukapiga makofi. Sisi, watoto wa mkulima wa pamba, tuliolelewa na baba aliyekuwa akiilaani mizani ile kila msimu kwa kumlia kilo zake, tulisimama pale tukapiga makofi. Mimi nilipiga kwa nguvu kuliko wote.

Mwezi wa kwanza wa kujinyima ulikwenda vizuri. Ugali wa udaga wa muhogo ukawa kipande cha ngumi moja, sato akachemshwa badala ya kukaangwa, soda ikapigwa marufuku. Kilo zikashuka kweli. Majirani nao wakaanza yao, kwa sababu kwetu mtu akinenepa anasifiwa na akipungua anapimwa kwa macho. Mmoja alinivuta kando sokoni kuniuliza kama wifi yangu amekanyaga waya, yaani ana virusi. Nikamwambia ndiyo, waya wa mizani. Hakunielewa, akaenda kusambaza nusu ya jibu.

Ulipoingia wa pili, njaa ikaamka. Siyo ile njaa ya saa saba mchana unayoijua wewe. Lukresia alikuwa akisimama juu ya sufuria ya pilau ya watu mia tatu huku machozi yanamlenga, na hakuwa anakata kitunguu. Akaota ameketi ndani ya beseni la maandazi. Siku moja, tukiwa tunachambua mchele, akaniambia kwa sauti ya chini kana kwamba anakiri dhambi.

"Wifi, nilivyokuwaga mnene nilikuwaga nashiba. Saa hii nimepungua, sishibi. Nakula, naosha sahani, na njaa iko palepale inaniangalia."

Nikamtania. Najuta.

Werema yeye alikuwa anayeyuka kama mshumaa wa Pasaka. Alirudi kutoka mnadani, akakaa, akaletewa sahani yake ndogo, akala, akanawa, akasema ameshiba. Akahamisha tundu la mkanda, akatoboa jingine kwa msumari. Akaanza kutoa semina kwa wanunuzi wa ng'ombe kuhusu namna mwanaume anavyoitawala nafsi, na wanawake wanavyotawaliwa na ulimi. Jumamosi moja kwa Gibson, yeye akiwa ameshuka kilo mbili na mkewe nusu kilo, alimwambia mbele yetu kwamba tatizo lake siyo ngiri, ni ulafi. Lukresia alishuka kwenye mizani polepole, akavaa kandambili zake, akatembea kwa miguu hadi nyumbani. Ningekuwa na upawa siku ile, Werema angekuwa na kovu.

Kibaya zaidi, Lukresia alimwamini. Aliniambia amekuwa akijificha jikoni anakomba ukoko, anaonja mchuzi mara tano mahali pa mara moja, na kila akionja anajichukia. Hata hivyo aliendelea. Jumamosi ya mwisho kabla ya madaktari kufika, mizani ilisoma themanini na tisa. Akalia kwa furaha, na mimi nikalia.

Hospitali ilisoma tisini na nne.

Lukresia alishuka, akapanda tena. Tisini na nne. Akavua mtandio, akavua hereni, ikabaki ileile. Daktari Helena akauliza tumekuwa tukipimia wapi. Werema alipomweleza, nesi aliyekuwa anaandika akaweka kalamu chini. Alikuwa mtoto wa Bugwema, na kwao wanalima pamba. Akauliza kwa upole kama kweli sisi watu wazima watatu tumeiamini mizani ya mnunuzi wa pamba.

Daktari akasema hata hivyo kilo kumi zimeondoka na ni kazi kubwa, lakini masharti ni masharti, madaktari wangerudi mwezi wa pili. Lukresia akaketi kwenye benchi na uso wa mtu aliyefiwa. Miezi mitano mingine na ile ngiri. Akamwambia daktari hataweza, kwa sababu yeye ni mlafi, mumewe ameshamwambia, na wanawake hutawaliwa na ulimi.

Daktari Helena alimtazama Werema kwa muda, kisha akamgeukia Lukresia. Alisema mwili haujui habari za upasuaji. Ukiona mafuta yanapungua unadhani nchi imeingiwa na njaa, basi unapiga kelele za kudai chakula, na kadiri mtu anavyopungua ndivyo kelele zinavyoweza kuongezeka. Siyo ulafi. Wengine husikia kelele hizo zaidi, wengine kidogo. Kuhusu wanaume na wanawake, alisema wanatofautiana, ila yeye hathubutu kumpa mtu nishani kwa hilo kabla hajauliza swali moja. Nyumbani kwenu nani anapika?

Kwetu mwanaume hafunui sufuria. Anaweza kuzeeka na wajukuu wakaoa bila yeye kujua chumvi inakaa wapi. Chakula humfuata alipo, na kisipomfuata, anakohoa. Werema alikuwa akila alichowekewa, na aliyekiweka ni Lukresia, kwa mkono wa mtu mwenye njaa, na sufuria nzima iko mbele yake inafuka moshi. Nilimwona Lukresia jambo hilo likimwingia taratibu. Akafuta uso.

"Baba Burito," akamwambia mumewe, "kuanzia leo utapika wewe. Mimi utaniletea sahani."

Werema akatazama dirishani kana kwamba aliyeitwa yuko nje. Lakini daktari alikuwa anasubiri, na nesi wa Bugwema alikuwa anasubiri, na mimi nilikuwa nimesimama mlangoni.

Nitafupisha miezi mitano, ingawa ningependa kuirefusha. Ugali wake wa kwanza ungeweza kujengea choo. Mnadani walimwita Mama Werema. Kaka yetu mkubwa, Makongoro, alikuja kutoka Butiama kuuliza kama mji umelogwa, akakaribishwa chakula, akala sahani mbili, akaondoka bila kuitisha kikao. Harusi nilizipika mimi, na Lukresia akahamia kwenye kupamba ukumbi na kupokea wageni. Jioni aliketi sebuleni, miguu juu ya stuli, akisubiri sahani yake. Njaa ilikuwapo. Aliniambia bado inamwita, ila sasa inamwita kutoka mbali, na jikoni kuna mtu.

Mtu huyo alikuwa na shughuli. Nilimkuta Werema akionja chumvi kwenye ugali. Nikamkumbusha ugali hautiwi chumvi, akasema anahakikisha. Alihakikisha mchuzi, akahakikisha maharage, na ukoko akaukwangua kwa kijiko akisema sufuria lazima ioshwe vizuri. Lile tundu la msumari kwenye mkanda likaachwa, kisha mengine mawili, kisha mkanda wenyewe. Semina mnadani zilikoma kimyakimya karibu na Krismasi.

Mwezi wa pili tukarudi Musoma, wote watatu. Lukresia alipanda kwenye mizani ya hospitali amefumba macho, nesi akamsomea: themanini na nane. Upasuaji kesho yake asubuhi. Sikumbuki nilisema nini, nadhani nilimkumbatia daktari.

Kisha Daktari Helena, bila hata kutabasamu, akamwonyesha Werema mizani. Akapanda. Mia na moja, kilo zake zote zimerudi. Akashuka, akasimama kando ya kitanda alichopewa mkewe, akishika kofia yake kwa mikono miwili.

"Mama Burito," akasema, "mimi sikuwaga na nidhamu. Nilikuwaga tu sina sufuria."

Lukresia akajiweka sawa kwenye mto, akavuta shuka mpaka kifuani.

"Rudia," akasema. "Dada yako hajasikia."

Nilikuwa nimesikia. Nikaegemea mlango, nikatega sikio, na kaka yangu akarudia.