Chupa Iliyozibwa kwa Kiganja

"Na kama si malaria?" mama mmoja aliuliza juzi kwenye dirisha la zahanati, upande wa Bungoma. Mgongoni alibeba mtoto ambaye kwinini ya wiki iliyopita haikumshusha homa. Kwetu kila mgonjwa huja na chupa yake, na dresa, mhudumu wa zahanati, huzijaza zote kwinini kutoka debe lile lile.

"Leta chupa, mama. Watu wanangoja."

"Wangoje. Ile ya kwanza alimaliza na bado anachemka. Pima damu."

"Ati sasa wewe ndiye daktari?"

"Si mimi. Lakini chupa ni yangu."

Akaiziba mdomo kwa kiganja. Wanawake waliokuwa nyuma yake wakaziba zao. Dresa alicheka peke yake, kisha akaivua darubini kitambaa na kumtoboa mtoto kidole. Alichungulia kwa muda mrefu.

"Sioni malaria," alisema kwa sauti ndogo. "Apelekwe hospitali Kitale leo hii."

Chuoni wavulana hubishana nasi wasichana kama mwanamke wa kijijini anaweza kuelewa sayansi. Waje wasimame kwenye foleni ile.

Nawe msomaji, ukipeleka mtoto mwenye homa, tafadhali toa kidole chake kitobolewe kwanza. Chupa ibaki kikapuni mpaka damu iangaliwe.