Boti ya Harusi Chini ya Daraja

Nilifunga kamba fupi kwa sababu kamba ndefu inachafua picha. Naanza na hilo, maana ndilo ninaloulizwa kila harusi ile inapotajwa.

Ilikuwa 2013. Dada yangu alikuwa anaolewa na kijana wa Tanga, dereva wa lori bandarini. Mama yetu alibaki kwetu Uvira, Kongo, kwa kukosa karatasi za kusafiria, hivyo harusi ya binti yake wa pekee angeiona kwa picha tu. Mpiga picha nilikuwa mimi, niliyejifunza peke yangu kwa kutazama video kwenye duka la intaneti mtaa wa Greyville, hapa Durban. Wiki nzima sikula vizuri. Nilitaka picha moja isiyo na kosa: maharusi ndani ya boti, nyuma yao daraja la zamani la mawe, maji yametulia kama ziwa letu la Tanganyika.

Mahali nilishapachagua, kwenye mfereji mwembamba wa kale unaoingia bandarini. Magari hupita juu ya daraja, na chini ukutani kuna pete za chuma za kufungia boti. Mvuvi mmoja mzee alituazima boti yake ndogo ya makasia, akaniachia kamba, akaenda zake. Nani angefikiria kumweleza mtu mzima habari za maji?

Asubuhi ya harusi maji yalikuwa yamejaa karibu yafikie pete. Nikafunga mbele, nikafunga nyuma, nikakaza mpaka boti ikanyooka ukutani bila kutikisika. Nikatandika shuka jeupe, nikaweka viti viwili vya plastiki na maua kutoka saluni anayofanyia kazi dada. Nilirudi kukagua mafundo, nikaondoka, nikarudi tena. Kisha nikakimbilia kanisani.

Ibada zetu Wakongomani haziishi upesi. Tulifika darajani alasiri. Nikashuka garini wa kwanza na kamera yangu, nikachungulia.

Maji hayakuwepo.

Sisemi yalipungua. Chini kulikuwa na tope jeusi, chupa, tairi, na kijito katikati ambacho mtoto angekiruka. Boti ilining'inia kwa kamba ya mbele, pua juu, kama mbuzi anayengoja kuchunwa. Kamba ya nyuma ilikuwa imeng'oka na kipande cha ubao. Viti vimezama topeni, miguu juu.

"Wameiba maji," nikasema, na nilimaanisha hivyo.

"Nani ameiba nini?" Dada alikuwa amefika, amelikusanya gauni mkononi. Akatazama. "Yesu! Maji iko wapi?"

Shangazi yake bwana harusi alicheka mpaka akashika ukuta wa daraja. "Jamani, maji yamekupwa tu! Na huyu katundika boti kama mshikaki!"

"Yamefanya nini?"

"Yamekupwa. Yanajaa, yanakupwa, kila siku ya Mungu. Baba, wewe Durban hii umeingia jana?"

"Nina miaka minne hapa, shangazi. Lakini Tanganyika haifanyi hivi."

Kwetu ziwa hupanda kwa mvua na kushuka kwa kiangazi, polepole. Nilishawahi kupita pale nikaona maji yako chini, nikajiambia mvua haijanyesha.

Nikaanza kulia, kamera shingoni. "Mama ataona nini sasa?"

"Ataona hii hii," dada akasema. Akavua viatu, akampa mumewe, akashuka ngazi zenye utelezi.

"Shemeji, piga basi kabla hajaanguka!" bwana harusi akanipigia kelele, naye akimfuata.

Nikapiga. Machozi yalinizuia kuona, picha ikatoka imelala upande, maharusi kwenye ngazi ya mwisho, boti ikining'inia kando yao, dada mdomo wazi. Zilizobaki zote zilikuwa na ukungu. Tukashusha boti topeni, nikaituma picha ile ile kwa simu ya jirani yake mama.

Kesho yake asubuhi nilirudi na mvuvi kutengeneza ubao. Maji yalikuwa yamefika kwenye pete, yametulia, kana kwamba hayakuwahi kwenda popote. Hilo lilinitisha kuliko lile tope. Simu ikalia.

"Mwanangu, dada yako alikuwa muzuri sana," mama akasema. "Lakini ile maji ilienda wapi?"

"Imerudi, mama."

"Yote?"

Nikachungulia tena, nimeshika ukuta.

"Yote."