Ua Nilioupanda Mwenyewe

Dirisha la chumba chetu cha kulala, pale Suna, lilitazama shamba la jirani. Watu waliokatiza humo kwenda kisimani waliona kitanda chetu. Kati ya ukuta na mpaka palikuwa na hatua nne tu. Nilitaka vichaka vyembamba, visivyopukutisha majani hata kiangazi.

Mume wangu alikuwa karani Homa Bay, akija nyumbani mwisho wa juma. Alipendekeza mnyaa. Jirani yangu akakataa katakata.

"Utomvu wake utampofusha mtoto. Tena unanenepa, utakuja kusukuma ukuta."

Nilimsikiliza. Ndiye aliyenizalisha mtoto wangu wa kwanza siku ambayo mvua ilikata barabara, na kanisani tuliketi benchi moja. Alinunua samaki wakavu Homa Bay, na safari moja akarudi na vipandikizi vilivyofungwa kwa gunia lenye maji. Vilitoka kwenye nyumba za maofisa. Vilikuwa na majani madogo, mazito, ya kijani iliyokolea. Alisema vikikua husimama wima kama watu kwenye foleni.

"Panda hatua moja kutoka ukutani, nyamera," alisema. Kwa Kijaluo alikuwa ananiita dada yake. "Ukivipeleka mpakani, ng'ombe wangu watavimaliza."

Tulichimba pamoja. Yeye ndiye aliyepima, unyayo kwa unyayo.

Vilishika vizuri ajabu. Jua lilipochoma hata mihogo, dirishani kwangu palikuwa kijani tupu. Kila mgeni aliyeuliza nilimwambia ni kazi ya jirani yangu.

Mwaka wa tatu wakaja wapimaji wa mashamba pamoja na wazee wa kamati ya ardhi. Mume wangu alikuwa kazini. Mzee mmoja akauliza mpaka uko wapi.

"Ule ua," jirani yangu akajibu, akionyesha vichaka vyangu. "Aliupanda mwenyewe."

Nilicheka. Nilidhani anatania. Yeye hakucheka.

"Mama, nani alipanda?" mzee akaniuliza.

"Ni mimi, lakini yeye ndiye..."

"Kuna mtu alikulazimisha?"

Nilimtazama jirani yangu anisaidie. Alikuwa anafunga kanga yake upya kiunoni, polepole, kama mtu aliye peke yake. Nikasema hapana, sikulazimishwa. Kigingi kikagongwa pale pale kwenye mizizi.

Jumamosi mume wangu alinikuta nimeshika jembe, nataka kung'oa vyote. Akanizuia. Sasa ua ule ulikuwa mpaka, na kung'oa mpaka ni kesi.

Jirani nilimsubiri kisimani.

"Siku ile ulipopima kwa miguu, ulikuwa umeshajua?"

Alijaza mtungi wake mpaka ukafurika.

"Nina wana wanne wa kiume," alisema. "Wewe una mmoja."

Mpaka leo sijui kama alijua tangu siku ya vipandikizi, au wazo lilimjia alipoona wapimaji. Nimejaribu kuamini la pili.

Masika yaliyofuata alijenga jiko karibu kabisa na ua, upande wake. Moshi ukawa unapenya kwenye majani hadi kitandani. Tuliziba dirisha kwa matofali, tukahamia chumba cha mbele, na kile cha nyuma tukakijaza mahindi.